Karafuu Baada ya Kung'oa Jino

Ukishang'olewa jino unaambiwa: uma pamba, usisukutue leo, usivute sigara. Ukiuliza kuhusu kutuliza maumivu kwa karafuu, mara nyingi unajibiwa kwamba hayo ni mambo ya bibi, achana nayo. Jibu hilo linaniuma, kwa sababu si la kweli.

Mimi niling'olewa gego la chini. Siku ya tatu maumivu yakawa yanapanda hadi sikioni; damu iliyoganda ilikuwa imetoka na mfupa umebaki wazi. Daktari akaosha shimo, akashindilia kipande cha shashi kilicholoweshwa dawa. Harufu iliyonipanda puani ilikuwa ya sufuria ya pilau. Muda si mrefu maumivu yakapoa. Dawa ile ilikuwa yujenoli, ambayo ndiyo kiini cha mafuta ya karafuu, na ndiyo hiyo hiyo inayochanganywa na oksidi ya zinki kuziba meno kwa muda. Basi bibi na daktari wanatumia kitu kimoja, ila mmoja ndiye anayeambiwa hajui.

Tena mwaka 2006 huko Kuwait, watafiti walisaga karafuu, wakaichanganya na gliserini, wakawapaka watu wazima kwenye ufizi kabla ya kuwachoma sindano. Ilipunguza maumivu sawa na benzokaini, dawa ya ganzi ya kiwandani. Najua sindano si kidonda cha jino. Lakini ile ilikuwa karafuu ya kusaga tu, ya aina inayouzwa sokoni Darajani, Zanzibar, na ilisimama bega kwa bega na dawa ya duka.

Madaktari nao wana hoja. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza ufizi, na mtoto akiyanywa yanaweza kumharibu ini. Unga au kipande kikiingia shimoni siku ya kwanza kinasumbua ile damu iliyoganda, na hiyo ndiyo kinga ya kidonda. Halafu karafuu inatuliza tu; kuponya ni kazi ya mwili wenyewe.

Hoja hizo zote ni za muda na kipimo, na mgonjwa anaweza kuzielewa. Aambiwe: saa 24 za kwanza usitie chochote. Baada ya hapo sukutua taratibu kwa maji vuguvugu ya chumvi. Maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, usijitibu, rudi. Tutakutilia hiyo hiyo karafuu, kwa kipimo.