Kanumba hakuitupa Usukuma

Vijiweni hapa Mwanza naisikia mara kwa mara lawama kwamba Kanumba alitutupa sisi Wasukuma. Mwigizaji wa filamu Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akahamia Dar es Salaam, akafariki huko Aprili 7, 2012 na kuzikwa Kinondoni. Filamu zake ni magorofa na magari ya Dar, Ziwa Victoria hulioni. Kwa hiyo alitutupa.

Wanaolalamika wana jambo. Bongo Movie, tasnia ya filamu za Tanzania, imezoea kumtoa Msukuma kama mlinzi wa geti au mgeni aliyeshuka stendi na begi lake, lafudhi yake ikawa kichekesho. Inauma, na nyota wa kiwango chake angeweza kutuonyesha vingine.

Lakini kazi angeifanyia wapi? Alipoingia Kaole mwaka 2002, kundi la maigizo ambalo michezo yake ilirushwa na televisheni ya ITV, wahariri, kamera na wasambazaji walikuwa Dar. Hasa wasambazaji. Hao ndio walionunua filamu, wakachapa kava, wakatoa nakala za sehemu ya kwanza na ya pili. Filamu isiyopata msambazaji ilikufa kwenye kompyuta ya mhariri.

Na tunasahau ilikokwenda baada ya hapo. Ilipanda basi hadi Mwanza, ikavuka na mitumbwi pamoja na sukari na nyavu hadi visiwa vya ziwani. Siku za mbalamwezi, dagaa hawavuliki vizuri, kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, kilijaa wavuvi: bati, jenereta, televisheni moja. Filamu za Kihindi na Kichina walizielewa kwa sauti ya DJ anayetafsiri juu ya waigizaji. Kwa Kanumba DJ hakuhitajika. Mvuvi alicheka na kulia na mwigizaji mwenyewe, kwa Kiswahili chake, papo hapo. Mimi hili nalipa uzito kuliko mandhari yoyote ya ziwa. Njia hiyo ya kutoka Dar hadi kisiwani isingekuwepo kama angebaki kwetu akisubiri mtu amletee kamera.

Halafu kuna umri. Alifariki akiwa na miaka 28, kazini miaka kumi tu. Wangapi wetu tumerudi kujenga nyumbani kabla ya miaka 28?

Leo filamu inapandishwa YouTube kutoka Igoma au Nyakato hapa Mwanza bila kupita kwa wasambazaji wa Kariakoo, Dar, na simu ya kawaida inapiga picha safi. Ziwa kutoonekana, ningewauliza kwanza wanaoanza sasa.