Shujaa Ninayemsubiri Anauza Mitumba Kiborloni

Nimekua na riwaya za upelelezi. Mohamed Said Abdulla alitupa Bwana Msa na kiko chake, Elvis Musiba akatupa Willy Gamba, Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango. Tulizisoma hapa Moshi zikiwa zimekwisha majalada, tukipokezana chini ya dawati, na waandishi wale nawashukuru mpaka leo. Ila tangu utoto nilikuwa namtafuta mtu mmoja humo ndani na simwoni. Mara nyingi mwanamke alikuwa mrembo wa hotelini, au maiti ya kufungulia hadithi. Au alikuwa kama Nuru wa Joram, mwenye akili na ushupavu wa kutosha, lakini hadithi si yake.

Namtaka shujaa wa kike, na sina haja ya kumwona na bastola kiunoni. Namtaka yule anayeiokoa familia yake kwenye dili. Jambazi ninayemwogopa mimi huku kwetu, kati ya Moshi na Arusha, havunji mlango. Anabisha hodi, anaamkia wazee, anakaribishwa chai.

Shujaa wangu nilimwona Desemba 2020, sebuleni kwetu Kibosho.

Mwaka ule, mwezi wa sita, nchi nzima ilikuwa imesikia habari za Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mirerani aliyeiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akapata shilingi bilioni 7.74. Mzee yule aliuza mchana kweupe, mbele ya viongozi na kamera. Lakini habari iliposhuka vijiweni, watu waliondoka na bilioni peke yake, ule mchana kweupe wakauacha. Ghafla kila mtu ana ndugu Mirerani, na kila ndugu ana mzigo.

Baba mdogo alipanda nyumbani siku mbili kabla ya Krismasi akiwa na mgeni kutoka Arusha. Mtu mstaarabu, shati limenyooka, sauti ya chini. Akampa Mama shikamoo yake kwa mikono miwili. Baada ya chai akatoa mfukoni karatasi nyeupe iliyokunjwa, akaikunjua juu ya meza, akamulika kwa tochi ndogo. Jiwe likawaka, bluu inayoingia zambarau. Lilikuwa zuri, sitadanganya. Hata mimi nilisogeza kiti.

Maelezo yalikuwa mafupi. Mnunuzi yupo Arusha, anasubiri. Kinachotakiwa ni milioni 18 za kumlipa mwenye jiwe, na ndani ya wiki mbili zinarudi mara tatu. Milioni 18 hatukuwa nazo, lakini mgeni alikuwa na mkopeshaji wake, na mkopeshaji alitaka kihamba.

Asiyetoka mlimani atadhani kihamba ni shamba. Kwetu ni ardhi ya ukoo: babu amelala pale chini ya migomba, na bibi pembeni yake. Mpaka wetu na jirani ni masale, mimea ya majani marefu, na hakuna aliyewahi kudai kuwekewa nguzo za zege. Na kwa mila za Kichagga kihamba hurithiwa na watoto wa kiume, nyumba ya wazazi ikibaki kwa kitinda mimba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, lakini sheria hiyo haijafika kwenye vikao vyote vya ukoo. Dada yetu mkubwa, ambaye ndiye ninayetaka kumsema, hajawahi kuoneshwa hata mgomba mmoja akaambiwa huu ni wako. Ameolewa, anaishi Majengo, anauza viatu vya mitumba soko la Kiborloni. Yeye ndiye aliyeuliza.

"Baba mdogo, samahani. Hili jiwe tunalipeleka sokoni lini?"

Aliuliza soko la madini. Masoko hayo yalianza kufunguliwa nchini mwaka 2019, na utaratibu wake haujifichi: jiwe linapimwa na kuthaminishwa, serikali inakata mrabaha wake asilimia 6 na asilimia 1 ya ukaguzi, anayenunua ana leseni, na wewe unaondoka na karatasi. Mgeni akatabasamu kwa upole. "Dada yangu, mzigo huu haukupita getini."

Mirerani imezungushiwa ukuta wa kilomita 24.5, uliozinduliwa mwaka 2018, na ulijengwa na geti moja ili kila jiwe linalotoka lionekane. Jiwe ambalo halikupita getini ni la magendo. Sebuleni wengi wetu tulisikia kwamba ndiyo maana bei ni rahisi. Dada alisikia jambo jingine. Alisikia kwamba tukiibiwa hatutakuwa na pa kulia, kwa sababu tukiingia polisi tutaingia kama wenye kosa. Yule bwana alikuwa anatufanya washirika wake kwanza, halafu ndiyo atuibie. Nimesoma riwaya nyingi na sijakutana na mtego uliotegwa kwa adabu kiasi kile.

Nilimuuliza baadaye alijuaje. Akaniambia belo la mitumba unalinunua bila kulifungua, na miaka kumi na mitano ya kununua vitu vilivyofungwa inakufundisha kumwangalia muuzaji usoni pale unapomwomba ufungue.

Akaomba aone karatasi ya mkopeshaji. Wakasita, akaomba tena, akapewa. Mikopo ya namna hii mitaani inaitwa kausha damu na riba yake inajulikana, lakini pale hapakuwa na riba kabisa. Juu ilikuwa imeandikwa "Mkataba wa Mauziano". Baba akisaini, ameuza kihamba kwa milioni 18, basi. Chini kulikuwa na mstari wa Mama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi zinataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya wanandoa haijauzwa au kuwekwa rehani, na wale watu walilijua hilo vizuri kuliko sisi. Ndiyo maana mgeni alimwamkia Mama kwa mikono miwili.

Dada akamwita Mama jikoni. Walikaa huko muda mrefu. Tulisikia kuni zikisukumwa mafigani, hatukusikia neno. Mama aliporudi aliichukua kalamu, akaiweka mbele ya Baba, akasema, "Sisaini mimi."

Mgeni aliikunja karatasi yake akaaga vizuri tu. Baba mdogo hakuaga.

Asubuhi, kabla hatujaamka, dada alikuwa ameshatoka kwa mwenyekiti wa kijiji. Hakumtaja mtu. Alimwomba kwamba ikija karatasi yoyote ya kihamba chetu asigonge muhuri mpaka Mama awepo. Usiku wa pili simu yake iliita mara tatu kwa namba asiyoijua, na aliyepiga alikuwa anahema tu. Akafunga kibanda wiki nzima. Msimwone mwoga. Biashara hii ina damu: Agosti 2013, mfanyabiashara mkubwa wa tanzanaiti alimiminiwa risasi wilayani Hai, karibu na barabara tunayopita kila tukienda Arusha. Mtu wa Moshi anayesema haogopi dili la mawe hajaishi hapa.

Sasa waandishi wetu vijana, mnaoweka hadithi zenu kwenye simu sura moja moja, naomba mnisikilize. Mwandikeni huyu. Mnatupeleka Dubai na Johannesburg kutafuta hatari, na hatari imekaa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma. Nendeni mkajifunze kazi yenyewe. Tanzanaiti nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia, zikachomwa ndipo bluu inatoka, na hilo peke yake linatosha kuwa sura nzima. Kaeni na madalali wa mawe mwone jinsi karatasi moja iliyokunjwa inavyoweza kuingia mfukoni na jiwe ikatoka na kioo. Someni mkataba mpaka chini, kwenye mstari wa mke.

Na msimfanye Baba mdogo kuwa shetani. Hapo ndipo hadithi nyingi huharibika. Yeye aliamini. Aliuza pikipiki yake na ng'ombe wawili, akampa yule bwana, na mpaka leo hajaona jiwe wala mtu. Ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha kwanza. Anayeleta hatari nyumbani mara nyingi ni mtu mnayempenda, na shujaa anatakiwa kumzuia huku akimwita Baba mdogo, huku akimwongezea chai. Kumpiga adui teke kunahitaji mguu tu. Kumkatalia mdogo wa baba yako mbele ya wageni, ukiwa mtoto wa kike uliyeolewa, nikiliwaza hilo mpaka leo moyo unanienda mbio.

Msimpe pia ushindi wa haraka. Dada aliambiwa ameharibu riziki ya ukoo. Aliulizwa ya kihamba yanamhusu nini wakati kwao ni kwa mumewe. Baba hakumsemesha Januari yote, Februari yote, na dada alipopanda kumwona Mama, Baba alitoka kwenda kukagua mfereji. Hakuna aliyempongeza, mimi nikiwemo, na hilo linaniuma kuliko yote niliyoandika hapa. Nilikuwa sebuleni siku ile, nikiwa na shahada yangu, na nilikuwa nimesogeza kiti kulitazama jiwe.

Aliyesogeza mambo ni Baba mwenyewe. Jumamosi moja kabla ya Pasaka alipanda Hiace, akashukia Kiborloni, mahali ambapo hakuwahi kumtembelea mwanawe hata siku moja. Mkononi alikuwa na jani la sale lililofungwa fundo. Kwetu mtu akikuletea sale anaomba radhi, na wewe huruhusiwi kukataa. Mzee wa miaka sabini na ushee alisimama katikati ya viatu vya mtumba, amelishika jani lile kwa mikono miwili, hakusema kitu.

Dada alifuta mikono kwenye kanga, akalipokea, akalichomeka juu ya nguzo ya kibanda. Kisha akamvutia Baba kiti na kumwagizia chai.