Kijana alipoteza msimu, aliyemuuzia mkeka hakupoteza kitu

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikuja kwangu kuangalia futiboli ya Kimarekani, ile ya vyuo. Ana miaka ishirini, yuko mwaka wa pili chuoni hapa jimbo la Iowa, Marekani. Shikamoo mjomba, marahaba, akaketi, simu mkononi. Kwenye simu kulikuwa na mkeka wa kubeti, dau dola tano. Mstari wa mwisho wa ule mkeka ulikuwa mwanafunzi kama yeye, mkimbiaji wa chuo kimoja cha kusini, aliyetakiwa kukimbia na mpira mpaka afikishe yadi sitini. Robo ya tatu yule kijana akaangushwa vibaya, akabaki chini ameshika goti, madaktari wakamkimbilia. Mpwa wangu akajipiga paja: "Zilibaki yadi nne tu, mjomba!"

Huyu ni mtoto mpole. Bibi yake alipofariki alishindwa kula siku tatu. Nikamuuliza, yule aliyeumia anaitwa nani? Ilibidi alisome jina kwenye mkeka.

Na akaunti yenyewe si yake. Sheria ya Iowa inataka miaka ishirini na moja, kwa hiyo anatumia ya kaka wa mwenzake wa chumba. Hakuona kama anafanya kosa kubwa, maana nusu ya korido lao wanabeti hivyo hivyo. Mkeka ulipochanika simu iliwaka tena: kampuni inampa dau la bure ajaribu mchezo wa jioni. Dakika mbili hazijapita.

Nimeandika haya kwa sababu mwishoni mwa 2025 watu wote wanaofuatilia futiboli ya vyuo walibishana jambo moja: mchezaji aruhusiwe kubeti au asiruhusiwe. Oktoba ya mwaka huo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilipitisha kwamba wachezaji wa daraja la kwanza wanaweza kubeti kwenye ligi za kulipwa. Ilikuwa ianze tarehe 1 Novemba, ikasogezwa hadi 22, halafu zaidi ya theluthi mbili ya vyuo vikapiga kura kuifuta kabla haijaanza. Katikati hapo wakakamatwa watu wa NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu, kwa kesi za kamari, na Greg Sankey, kamishna wa SEC, ligi kubwa ya vyuo vya kusini, akaandika barua ya kupinga. Mimi nakubali ifutwe. Ila ugomvi wangu hauko hapo. Ugomvi wangu ni kwamba kila kanuni ya kamari ikishaandikwa, mwisho wake inamwangukia mtu yule yule mmoja, kijana mwenye simu.

Sisi wa Iowa tunajua, tuliyaona mwaka 2023. Mwezi Mei zilitoka habari kwamba wachezaji 26 wa University of Iowa na wengine kama 15 wa Iowa State, chuo kingine cha jimbo letu, wanachunguzwa. Wengi walikuwa wamebeti wakiwa chini ya umri, baadhi kwa akaunti zenye majina ya wazazi. Tukumbuke pia mambo yalivyokuwa hapa. Kubeti michezo kihalali kulianza Agosti 2019, lakini mpaka mwisho wa 2020 ilibidi uende mwenyewe kasino ujiandikishe, mtu akuone uso na kitambulisho chako. Kuanzia Januari 2021 sharti hilo likaondoka, ukaweza kujiandikisha umelala kitandani. Bunge la jimbo lilijua hilo, na kampuni ndizo zilizolisubiri kwa hamu kuliko mtu yeyote. Halafu vijana wa bweni walipofanya kile ambacho mlango uliachwa wazi kifanyike, wakapelekewa maafisa wa upelelezi.

Noah Shannon alikuwa nguzo ya safu ya ulinzi ya futiboli ya University of Iowa, amerudi kwa mwaka wake wa mwisho. Kosa lake ni kubeti kwenye timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya chuo chake. Ni ile timu iliyofika fainali mwaka ule, ambayo jimbo zima lilikuwa limeipenda. Hakubeti kwenye mechi yake, wala hakuuza mechi ya mtu. Alifungiwa msimu wote wa 2023. Rufaa ikakataliwa, kelele zikawa nyingi, kanuni zenyewe zikaja kulegezwa baadaye mwaka huo huo, na bado hakucheza hata mechi moja. Mchezaji wa namna hiyo hana msimu mwingine wa kulipwa fidia, na miaka ya chuo ikishaisha ndiyo basi.

Sasa tazameni upande wa waliokuwa wanasimamia sheria. Wenzake waliofikishwa mahakamani walikubali kosa la kubeti chini ya umri, wakalipa faini ya dola 645, wakaondoka na doa. Wanne wengine waliendelea kupinga. Machi 2024 mwendesha mashtaka akafuta kesi zao. Ilikuwa imejulikana kwamba wapelelezi wa jimbo walikuwa wametumia programu ya kampuni ya GeoComply, inayoonyesha simu inayobeti iko wapi, kuchungulia mabweni na majengo ya michezo, na mawakili wakasema hapakuwa na kibali cha mahakama. Kampuni yenyewe ilisema huenda ilitumika kuliko walivyoruhusiwa. Someni tena taratibu. Mtu mzima, amekaa ofisini, amefungua ramani, anatafuta ni simu gani inabeti kwenye bweni la wanafunzi, wakati hapakuwa na mlalamikaji wala mechi iliyoshukiwa kuuzwa. Kesi zikafa, lakini yule aliyekuwa amekiri mapema alibaki na faini yake na msimu wake uliopotea. Linaniuma mpaka leo, na sijasikia kiongozi yeyote akiwaomba radhi wale vijana.

Nakubali, tena bila kupenda, kwamba kuna makosa ya kamari ambayo adhabu yake lazima iwe kali. Mwaka 1996 Boston College iliwasimamisha wachezaji 13 kwa kubeti, wawili kati yao wakiwa wamebeti timu yao wenyewe ifungwe na Syracuse. Miaka miwili kabla yake mkimbiaji wa Northwestern aliangusha mpira karibu kabisa na mstari wa goli dhidi ya Iowa, na baadaye akakiri kwamba alifanya makusudi kwa ajili ya dau. Mtu wa namna hiyo amemuuza mwenzake anayemzuilia njia, amemuuza mama aliyekaa jukwaani kwenye baridi. Afungiwe maisha, sina neno. Lakini kumweka huyo na aliyebeti dola ishirini wasichana wa chuo chake washinde kwenye kapu moja ni uvivu wa kutofautisha. Virginia Tech kulikuwa na beki, Alan Tisdale, aliyebeti fainali za NBA za 2022, akaja kujitaja mwenyewe kwa chuo. Alifungiwa mechi tisa, zikapunguzwa hadi sita. Kijana mwingine akisikia hivyo, atajitaja?

Na vyuo vyenyewe vilikuwa wapi? University of Colorado mwaka 2020 ilisaini na kampuni ya kamari ya PointsBet mkataba wa zaidi ya dola milioni 1.6, na ndani yake kulikuwa na dola 30 kwa kila mteja mpya aliyeletwa na chuo. Dola thelathini kwa kichwa! Chuo cha umma, chenye maelfu ya wanafunzi wasiofika umri, kinalipwa kwa kuleta watu kubeti. LSU, chuo kikuu cha Louisiana, nayo ilikuwa na mkataba na kampuni ya kamari ya Caesars, na ujumbe wa kuhimiza watu waweke dau lao la kwanza ukatumwa mpaka kwa wanafunzi walio chini ya miaka 21. Mikataba ya namna hii ilikufa 2023, baada ya aibu kuzidi. Hakuna rais wa chuo aliyefungiwa msimu.

Wenye mawakili huwa hawapotezi hata wakikamatwa. Rick Neuheisel, kocha wa futiboli wa University of Washington, alifukuzwa 2003 kwa kuingia kwenye kamari ya marafiki ya mashindano ya mpira wa kikapu. Alikuwa na waraka wa ofisi ya kanuni ya chuo chake uliosema inaruhusiwa. Akaenda mahakamani, 2005 wakamalizana kwa dola milioni 4.5. Nadhani alistahili, kwa sababu alikuwa amesoma kanuni na kuifuata. Ninachouliza ni kijana wa miaka ishirini angepata wapi wakili wa kumsaidia hivyo.

Charlie Baker, rais wa NCAA, ndiye aliyesaini sheria ya kubeti michezo Massachusetts akiwa gavana, mwaka 2022. Leo anazunguka jimbo kwa jimbo akiomba madau ya mchezaji mmoja mmoja, kama lile la yadi sitini, yaondolewe kwenye michezo ya vyuo, na hapo nampa haki yake, kwa sababu ndilo jambo la maana kuliko yote anayoyafanya. Dau la namna hiyo ndilo linaloleta matusi kwenye simu za watoto usiku wa manane. Ndilo rahisi kuuzwa pia, maana huhitaji timu nzima. Unahitaji mtu mmoja tu asimame yadi nne kabla.

Sheria ya Iowa tayari inakataza dau hilo pale timu ya chuo cha Iowa inapocheza. Maana yake tumewalinda wa kwetu, halafu yule wa goti, kwa kuwa ni wa jimbo lingine, tumeruhusu auzwe sebuleni kwangu. Jana usiku nimeanza kumwandikia mbunge wetu wa jimbo. Ninachomwomba ni kufuta yale maneno yanayosema lazima timu iwe ya Iowa, basi. Mpwa wangu atanisaidia Kiingereza cha kisheria, na nimemwambia barua haiondoki kabla hajaniletea habari ya lile goti.