Margaret Beaufort: mama aliyedhulumiwa au mwanamke mwenye uchu wa madaraka?

Akitajwa Margaret Beaufort, mama yake Mfalme Henry wa Saba wa Uingereza, watu hugawanyika. Wapo wanaomwona mla njama aliyetamani kiti cha enzi kwa gharama yoyote. Wengine humwona mama aliyempigania mwanawe. Nawaomba wote waanzie kwenye ngome ya Pembroke, Wales, Januari 28, 1457.

Siku hiyo Margaret alijifungua akiwa na miaka 13. Mumewe, Edmund Tudor, mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amekwisha kufa kwa tauni. Kanisa liliruhusu msichana aolewe akifika miaka 12, lakini waungwana wengi walisubiri akomae. Edmund hakusubiri. Mke akizaa mtoto hai, mume alipata haki ya kufaidi mashamba yake hata mke akifa, na Margaret alikuwa mrithi tajiri tangu utotoni. Askofu John Fisher, aliyemfahamu vizuri, alisema baadaye kwamba ilikuwa kama muujiza mwili mdogo vile kuzaa. Aliolewa mara mbili tena. Hakupata mtoto mwingine.

Mwaka 1462 ulezi wa Henry, yaani haki ya kumlea na kumwoza, uliuzwa kwa William Herbert kwa pauni 1,000. Henry alikuwa na miaka mitano. Mwaka 1471, upande wao uliposhindwa katika vita vya kugombea kiti cha enzi, kijana akakimbilia Brittany, katika Ufaransa ya leo, na kwa miaka 14 mama hakumwona.

Ndipo ilipokuja njama ya 1483 ya kumpindua Mfalme Richard wa Tatu. Elizabeth Woodville, mjane wa Mfalme Edward wa Nne, alikuwa amejificha Westminster. Margaret akamtuma tabibu wake, Lewis Caerleon, ambaye hakuna askari angemshuku akiingia kumwona mgonjwa. Pamoja na dawa, alibeba posa: Henry amwoe binti wa Elizabeth. Uasi ule ulishindwa, Margaret akapokonywa mali zake, lakini mwaka 1485 Henry alimshinda Richard katika vita vya Bosworth, akawa mfalme, na mwaka uliofuata ndoa ikafungwa.

Kuhusu uvumi kwamba ndiye aliyewaua wana wawili wa Edward wa Nne waliotoweka kwenye Mnara wa London, siukubali. Hakuna aliyeishi zama zake aliyemtuhumu. Maneno hayo yalianza zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo chake.

Kinachonisumbua ni kingine, na watetezi wake hukipita haraka. Mwaka 1486 Margaret alipewa ulezi wa Edward Stafford, ambaye baba yake, Duke wa Buckingham, alikatwa kichwa kwa uasi uleule wa 1483. Yatima mwenye mali nyingi, akawekwa mikononi mwa mtu mwingine pamoja na mashamba yake. Aliyewahi kuwa bidhaa sasa alikuwa mnunuzi. Siwezi kumsafisha kwa hilo. Uchu wa mali alikuwa nao.

Lakini mwaka 1498 ulipozungumzwa mpango wa kumwoza mjukuu wake, aliyeitwa Margaret kama yeye, kwa Mfalme wa Scotland, Henry alimweleza balozi wa Hispania kwamba mkewe na mama yake walipinga binti apelekwe mapema: waliogopa mfalme hatasubiri, atamuumiza. Binti alikuwa na miaka minane. Alipelekwa mwaka 1503, akiwa na miaka 13, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka 1507, akiwa na miaka 17.