Simu Imenitangazia Ndoa

Nilikuwa uani napiga mswaki, mdomo umejaa povu, nikasikia Mama Zuhura anasoma kwa sauti ya msoma taarifa ya habari: "Njia 7 za kuoa mke wa pili bila mke mkubwa kushtuka." Akanyamaza kidogo. Akamalizia: "Umependekezewa wewe."

Mimi! Mtu mzima, mweka hazina wa kamati ya maji ya mtaa, ambaye hata hela ya gesi naitafuta kwa tochi! Nataka kujitetea, povu linanitoka, na mtuhumiwa anayetoa povu mdomoni hajapata hakimu wa kumwelewa.

Hivi ndugu zangu, nani aliiomba simu ushauri? Mimi niliinunua nipige na nipigiwe. Nikaongeza na video kidogo: mechi, mawaidha ya Ijumaa, namna ya kuziba bomba linalovuja. Sasa hivi nikiifungua inanipangia maisha. Nilitazama video moja ya kufuga kware, enzi zile nyote mlipokuwa na kware, msijifanye, ikaniletea sungura, nyuki, mabwawa ya samaki na bwana mmoja anayeuza siri za utajiri huku kaegemea gari la watu. Mama mkwe alipita akatafuta dawa ya miguu, tangu hapo natangaziwa bawasiri. Zuhura akiishika dakika mbili, wiki nzima naimbiwa nyimbo za kunawa mikono. Podikasti nazo, vijana wawili wanacheka wee, mada haijatajwa, na bando linaloteketea ni langu.

Turudi kwenye kesi.

Nilipomaliza kusukutua nikakuta baraza limeshakaa. Mama Zuhura kwenye kiti, kielelezo mkononi. Pembeni shemeji, dada yake, aliyekuja msibani mwaka jana na hadi leo hajapata nauli ya kurudia. Shemeji hakusema neno. Alikuwa anachambua mchicha, ila ule mchicha ulikuwa unachambuliwa kwa chuki.

"Baba Zuhura, simu inamjua mwenyewe."

"Mama Zuhura, simu ni mashine. Inakisia tu."

"Mbona mimi hainikisii kuolewa?"

Hapo nikafanya wanachofanya wakubwa wakibanwa: nikaita mtaalamu. Idi, mtoto wa kaka, anasoma kompyuta chuoni, na ada yake nachangia na mimi, kwa hiyo nikahesabu shahidi ninaye. Akaja, akatuamkia wote, akapewa chai na ile chapati niliyokuwa nimeshaipigia hesabu.

"Idi mwanangu, hebu waeleze hawa. Hizi video si zinakuja zenyewe?"

"Si zenyewe hasa, ba'mdogo. Mfumo unaangalia unatazama nini, na unakaa nacho kwa muda gani. Zamani kilichohesabiwa sana ni watu wangapi wamebofya. Mwaka 2012 YouTube wakageuza, wakaanza kuutilia uzito muda wa kutazama. Siku hizi hata hawa wengine wanafuata njia hiyo."

"Muda," akasema Mama Zuhura. "Endelea, baba."

"Halafu kuna historia. Ukibonyeza hapa..."

"Idi, kunywa chai kwanza."

Kashabonyeza. Na ya kwanza kutokea, sijui kwa nini iwe ya kwanza: "Mitala: Faida na Hasara." Dakika 48. Chini ya picha kuna mstari mwekundu wa kuonyesha umetazama hadi wapi. Mstari ulikuwa umefika mwisho wa safari, umeshusha na mizigo.

Nikasema hiyo ilikwama, mtandao ulikuwa mbovu, nikapitiwa na usingizi simu mkononi. Idi, kwa adabu zote alizofundwa na marehemu bibi yake, akasema: "Ikikwama haihesabu, ba'mdogo."

Nikasema nilikuwa nasikiliza upande wa hasara. Shemeji akakohoa.

Nikasema basi nilitazama kwa hasira, yule msemaji alikuwa ananiudhi. Loo, kijana akachangamka! "Hiyo ndiyo yenyewe, ba'mdogo! Usipouambia kuwa hupendi, mfumo hautofautishi aliyekasirika na aliyefurahi. Unaona tu kwamba hukuondoka."

"Hata mimi nimeona hakuondoka," akasema Mama Zuhura.

Na Idi akishaanza hana breki. Akatupeleka Marekani. Eti mwaka 2006 Netflix walitangaza zawadi ya dola milioni moja kwa atakayeboresha kwa asilimia 10 makisio yao ya filamu gani mteja ataipenda. Watu wakakokotoa hadi 2009 ndipo timu moja ikaondoka na mzigo. Halafu ule mfumo ulioshinda hawakuutumia mzima mzima, gharama za kuusimika hazikulipa. Dola milioni! Mama Zuhura anakisia nilikokuwa kwa kunusa kola ya shati, hajapewa hata soda, na hajawahi kukosea.

Kinachoniuma ni hiki, na hapa sitanii. Simu inajua nitaoa. Haijui kwamba ada ya Zuhura ya muhula huu imelipwa nusu? Inajua sana! Siku ile ile nimepigiwa na shule, jioni nimening'inia mlangoni mwa daladala ya Mbagala, inaniletea mkopo wa dakika tano. Sikuomba mkopo. Nilitaka nicheke kidogo, mtu nimechoka, basi. Hata kucheka lazima nipimwe?

Nikamwambia Idi ang'oe mapendekezo yote. Akasema ipo njia ya kizamani inaitwa RSS, ya tangu 1999. Unachagua mwenyewe unaowataka, wakitoa kitu kipya kinashuka kwenye orodha yako kwa tarehe, hakuna anayekukisia. Podikasti hadi leo zinasafiri kwa njia hiyo hiyo. Nikauliza mbona sijawahi kuisikia. Akasema Google walikuwa na kisomeo chake kizuri tu, kikapendwa, wakakifunga Julai 2013. Si mnaona! Kisichokuwa na umbea hakipewi nafasi mjini.

Basi weka, nikasema. Mama Zuhura akasema orodha ataidhinisha yeye. Shemeji akaacha mchicha. Kabla ya adhuhuri simu yangu ilikuwa na mapishi, malezi, uzazi salama, na mama mmoja anayewachambua wanaume waongo tangu Adamu, na Idi akaondoka bila kuzima ule upakuaji wa moja kwa moja. Bando la wiki likaisha yule mama hajanifikia hata "karibuni".

Kwa wakala nikaambiwa salio hana, mtandao unasumbua, nipite baadaye. Narudi, nikaitwa kisimani, pampu imegoma tena. Fundi anataka laki tatu, risiti hatoi. Nikamwita mwenyekiti tushauriane, kumbe yeye kashaamua kuiokoa kamati: kapendekezewa video ya kutengeneza pampu mwenyewe. Kaifungua. Kaifungua yote, ndugu zangu! Vyuma vimetandazwa juu ya gunia, akina mama wamepanga ndoo hadi barabarani, na mwenyekiti mzima kachuchumaa, mikono grisi tupu, ananiuliza mimi mweka hazina kama kwenye simu yangu haijatokea sehemu ya pili.