Ethanoli Leo, Petroli Kesho: Je, Gari Linajua Limebeba Nini?

Katika majimbo ya Marekani yanayolima mahindi kwa wingi, kama vile Iowa, Minnesota na Illinois, si ajabu kuingia kituo cha mafuta na kukuta, kando ya mipira ya petroli, mpira mmoja wa njano wenye maandishi E85. Hayo ni mafuta yenye ethanoli nyingi, yaani alkoholi inayotengenezwa kwa mahindi, na petroli kidogo, na mara nyingi bei yake kwa galoni huwa chini ya ile ya petroli. Kwa mwenye gari la spidi lenye turbo au supachaja, vifaa vinavyosukuma hewa zaidi ndani ya injini, mpira huo ni kishawishi cha kweli. Kinachowagawa wamiliki na mafundi si kama ethanoli inaongeza nguvu, kwani hilo limekwisha kuthibitika, ila ni kama gari moja linaweza kuhamishwa huku na huku, wiki hii ethanoli na wiki ijayo petroli, bila injini kulipia uhamisho huo. Nimelifuatilia jambo hili kwa miaka kadhaa, nikiwa karibu na watu waliofanikiwa na mmoja aliyepoteza injini, nami nimefikia msimamo kwamba hatari kubwa iko katika kipindi cha kati, pale tanki linapokuwa na mafuta ambayo si E85 tena wala hayajawa petroli.

Kwanza tuone nguvu ya ethanoli inatoka wapi. Haitoki katika wingi wa nishati, maana lita ya ethanoli ina nishati pungufu kwa takriban theluthi moja ikilinganishwa na lita ya petroli. Hata hivyo, injini hubanwa zaidi na hewa inayoweza kuvuta kuliko mafuta inayoweza kupewa. Gramu moja ya petroli huhitaji gramu 14.7 za hewa ili iungue sawasawa, ilhali gramu moja ya ethanoli huhitaji gramu 9 tu; kwa hiyo hewa ileile huchoma ethanoli nyingi zaidi, na joto linalopatikana mwishoni hukaribia kuwa sawa. Faida hasa imo katika mambo mawili mengine. Ethanoli inapogeuka kuwa mvuke hufyonza joto zaidi ya mara mbili ya lile linalofyonzwa na petroli ya uzito huohuo, na hivyo huipoza hewa inayoingia kwenye silinda. Isitoshe, oktani yake ni kubwa, kwa hiyo hustahimili mgandamizo bila kulipuka ovyo, tatizo ambalo mafundi huliita kugonga. Hapo ndipo fundi anapopata nafasi ya kupandisha presha ya turbo na kutanguliza cheche ya plagi. Mtu anayemimina E85 bila kubadili programu ya kompyuta ya injini hapati lolote kati ya hayo. Anachopata ni mafuta yasiyotosha kwa hewa iliyomo.

Wanaotetea kuhamahama wana ushahidi mzito kutoka viwandani. Mwaka 2023 Dodge ilitangaza Challenger SRT Demon 170, gari lenye nguvu za farasi 1,025 likitumia E85 na 900 likitumia petroli ya kawaida iliyochanganywa na ethanoli asilimia 10. Koenigsegg ya Sweden nayo huipa Jesko nguvu za farasi 1,280 kwa petroli na 1,600 kwa E85. Kama kiwanda kinaweza kumkabidhi mteja gari linalokubali mafuta yote mawili, wanauliza, kwa nini fundi hodari asiweze? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba magari hayo yalibuniwa tangu mwanzo yakiwa na pampu, na nozeli za kunyunyizia mafuta kwenye injini, zenye uwezo wa kupitisha mafuta ya ziada, ambayo kwa E85 huwa asilimia 30 hadi 40 zaidi ya petroli, na pia yana njia ya kutambua kilichomo kwenye bomba. Kitambuzi kilichoenea zaidi kwa kazi hii ni kifaa kidogo cha kutosha kiganjani. Mafuta hupita katikati yake, nacho hupeleka kwa kompyuta mapigo ya umeme: mapigo 50 kwa sekunde kama hakuna ethanoli, 150 kama ni ethanoli tupu, na idadi ya katikati kwa kila mchanganyiko wa katikati. Kompyuta ikipata habari hiyo hurekebisha mafuta, cheche na presha kwa pamoja, kabla moto haujawaka.

Magari mengi ya mtaani yaliyofanyiwa kazi hayana kifaa hicho. Yana programu mbili, moja ya petroli na nyingine ya E85, na mwenye gari ndiye anayechagua. Mpango huu una kasoro ambayo watu wengi hawaipigii hesabu. Tuchukue tanki la lita 60 lililobaki na lita 15 za mafuta yenye ethanoli asilimia 80. Dereva akijaza lita 45 za petroli ya kawaida yenye ethanoli asilimia 10, atakuwa na lita 16.5 za ethanoli ndani ya 60, yaani asilimia 27.5. Hiyo si petroli, wala haikaribii E85. Akirudi kituoni tena na robo ya tanki na kujaza petroli, atashuka hadi asilimia 14 na kitu. Kwa hiyo kuhama kunachukua matanki mawili au matatu, na katika muda wote huo hakuna hata programu moja kati ya zile mbili inayolingana na kilichomo.

Hesabu inazidi kuwa ngumu kwa sababu hata E85 yenyewe haitimizi jina lake. Ethanoli haitoi mvuke wa kutosha wakati wa baridi kali na injini hukataa kuwaka, kwa hiyo viwango vya Marekani vinaruhusu mafuta yanayouzwa kwa jina hilo yawe na ethanoli kuanzia asilimia 51 hadi 83, kulingana na msimu na eneo. Februari moja huko Minnesota, vidole vikiuma kwa baridi, tulipima mafuta ya pampu kwa kimrija cha kioo chenye mistari. Unatia maji hadi mstari wa chini, unajaza mafuta hadi juu, unaziba, unatikisa kwa nguvu, kisha unasubiri. Ethanoli huikimbia petroli na kuyafuata maji, petroli huelea juu, na mpaka kati yao ndio jibu. Ulitulia karibu na 70. Pampu ilikuwa imeandikwa E85, na programu ya gari lile ilikuwa imepangwa kwa mafuta ya kiangazi.

Mwenzangu aliyepoteza injini alikuwa na gari la aina hiyo ya programu mbili. Alisafiri kuelekea magharibi, na kadiri alivyokaribia milima ya Wyoming na Montana pampu za E85 zilikuwa adimu, basi akajaza petroli ya oktani ya juu juu ya robo ya tanki iliyobaki. Akajiambia kwamba ethanoli bado imo, na kwamba ataiacha programu ya E85 mpaka tanki lile liishe. Kwenye barabara tambarare hakuona dalili yoyote. Alipokanyaga mafuta katika mlima mrefu, presha ya turbo na cheche iliyotangulizwa kwa ajili ya ethanoli vilikutana na mafuta ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa petroli, na injini ikagonga mfululizo. Tulipofungua plagi, kauri yake nyeupe ilikuwa imetapakaa vichembe vinavyong'aa kama vumbi la fedha. Hiyo ilikuwa aluminiamu ya pistoni. Gereji iliyomwekea programu zile ilimweleza namna ya kubadilisha kutoka moja kwenda nyingine, lakini haikumweleza neno juu ya matanki ya katikati, na hilo bado linanisikitisha, kwa sababu lilikuwa onyo la dakika mbili.

Wapo watakaonijibu kwa mfano wa Brazil, na jibu lao lina uzito. Tangu Volkswagen ilipozindua Gol Total Flex mwaka 2003, mamilioni ya Wabrazili wamekuwa wakichanganya ethanoli na petroli watakavyo, wakiongozwa na hesabu moja tu: ethanoli inalipa ikiwa bei yake haizidi takriban asilimia 70 ya bei ya petroli. Mengi ya magari hayo hayana kitambuzi cha ethanoli. Kompyuta hukisia mchanganyiko kwa kusoma sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Naukubali mfano huo kama ushahidi kwamba ethanoli haiui injini iliyotengenezwa kwa ajili yake. Lakini gari la kawaida la familia lina nafasi kubwa ya kukosea bila kuumia, na sensa ya oksijeni hutoa habari baada ya mafuta kuungua. Injini ya turbo iliyofikishwa karibu na ukomo wa uwezo wake haina anasa ya kusubiri habari hiyo, kwani hupasuka ndani ya muda mfupi.

Kuhusu madai kwamba ethanoli hula mipira na kuozesha mabomba, nadhani yanakuzwa kwa magari ya kisasa na yanapuuzwa mno kwa ya zamani. Gari la zamani likihamia E85 linapaswa kukaguliwa hosi zote, na filta ibadilishwe baada ya matanki ya mwanzo, kwa kuwa ethanoli hung'oa uchafu uliolala tankini kwa miaka. Jambo linalostahili uangalifu zaidi ni oili. Katika safari fupi za baridi, ethanoli isiyoungua na maji hushuka ndani yake, na ukifungua kizibo unakuta utando wa rangi ya maziwa. Gari la kupaki miezi yote ya baridi ni bora lilale na petroli.

Hesabu ya fedha haina ushindi wa wazi. Gari linalokwenda kilomita 500 kwa tanki la petroli litakwenda kama 370 kwa E85, na unafuu wa bei mara nyingi humezwa hapo. Kuna pia suala la mahindi, ambalo kwa sisi tuliokulia kwenye ugali haliwezi kupita bila kutugusa: zaidi ya theluthi moja ya mahindi ya Marekani huingia katika viwanda vya ethanoli, ingawa sehemu ya masalia hurudi kama chakula cha mifugo. Sioni kwamba magari machache ya spidi ndiyo yanayoamua suala hilo, lakini naelewa anayelitia kwenye mizani.

Kwa anayeishi karibu na pampu na hasafiri mbali na gari hilo, ningemshauri abaki na E85, apime kila mara msimu unapobadilika, na aachane na mawazo ya kuhama. Anayesafiri mara kwa mara na hana kitambuzi, abaki na petroli na aridhike na nguvu zake. Kuhamahama nakukubali kwa sharti moja, nalo ni kitambuzi kilichounganishwa na kompyuta inayojirekebisha yenyewe, pamoja na pampu na nozeli zinazotosha. Gharama yake si ndogo, ila haifiki bei ya injini.

Mwenzangu aliijenga upya ile yake na safari hii akafunga kitambuzi. Siku ya kwanza ya kujaza E85 nilikaa kiti cha abiria. Tulipotoka kituoni kijioo cha dashibodi, kinachoonyesha asilimia ya ethanoli, kilionyesha 12, kwa kuwa bomba lilikuwa bado na mafuta ya zamani. Tulikwenda taratibu, mguu ukiwa mwepesi. Mwendo mfupi baadaye namba ikaruka hadi 31, ikapanda 46, ikasita, kisha ikatulia kwenye 58, na ndipo alipokanyaga.