Je, Ni Lazima Apande Basi la Kwenda Mjini?

Wamarekani wana namna moja waliyoizoea ya kumsimulia msichana wa familia ya wavuja jasho anayependa wasichana wenzake. Amezaliwa katika mji mdogo wenye kiwanda kimoja na makanisa chungu nzima. Hatulii. Anagombana na mama yake, anaacha kazi ya mgahawani, anarudi, anaacha tena, halafu siku moja anapanda basi kwenda New York au San Francisco, na maisha yake yanahesabiwa kuwa yameanza siku hiyo. Wanaomtetea humwambia akimbie ajiokoe. Wasiotaka hata kumwona nao, kwa sababu zao, humwambia neno lilelile: ondoka. Kambi hizi hazikubaliani juu ya jambo lolote jingine, na kukubaliana kwao hapa ndiko kunakonitia shaka.

Wanaosema aondoke wana hoja nzito, wacha tuwape haki yao. Mwaka 2010, katika mji wa Fulton, Mississippi, binti wa miaka 18 aitwaye Constance McMillen aliomba kwenda na mpenzi wake wa kike kwenye dansi ya kufunga shule, yeye mwenyewe akiwa amevaa suti. Bodi ya shule iliona heri kuifuta dansi kwa wanafunzi wote kuliko kumruhusu mmoja. Jaji wa shirikisho alikubali kwamba haki zake zilikiukwa, ila hakuamuru dansi irudishwe. Kisha akaalikwa kwenye dansi nyingine, akafika na kukuta wanafunzi wachache tu. Wenzake walikuwa wakicheza mahali pengine ambapo yeye hakuambiwa. Mwishowe wilaya ya shule ilimlipa dola 35,000 na kupitisha sera ya kutobagua, lakini wakati huo alikuwa ameshahamia Jackson, mji mkuu wa jimbo, kumalizia masomo. Kesi alishinda, mji akauacha.

Na si yeye peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kuwa vijana wa jamii ya LGBT, yaani wanaopenda jinsia yao, wanaopenda jinsia zote mbili na waliobadili jinsia, wamo katika hatari ya kukosa makazi zaidi ya mara mbili ya vijana wengine. Ripoti ya 2019 ya Taasisi ya Williams, iliyo chini ya chuo kikuu cha UCLA, inaonyesha kwamba kati ya watu wa jamii hii wanaoishi vijijini, 26 katika kila 100 ni maskini; mijini ni 21. Anayesema mjini kuna nafuu hajatunga.

Hadithi ya basi inaanza kuyumba tukitazama nyuma. Elizabeth Kennedy na Madeline Davis walitumia miaka mingi kuwahoji wanawake wa tabaka la wafanyakazi wa Buffalo, New York, waliopendana katika miaka ya 1940 na 1950. Wengi wao hawakukimbia kwao. Walipata ujira viwandani, Jumamosi wakajaa kwenye baa zao, na Jumatatu alfajiri wakarudi kazini. Hayakuwa maisha ya raha. Polisi walivamia, ngumi zilirushwa, na aliyekataa kuvaa gauni alijua kazi ya ofisini haimhusu. Hata hivyo walikuwa na ujira na mtaa, na mtaa huo waliujenga wenyewe kabla mwanaharakati yeyote hajafika kuwaeleza haki zao. Kisha kazi zikaondoka. Kiwanda cha chuma cha Bethlehem pale Lackawanna, kando ya Buffalo, ambacho wakati wa neema kiliajiri watu wapatao 20,000, kiliacha kuyeyusha chuma mwaka 1983. Msichana aliyekuwa na miaka 18 mwaka huo alikuwa na sababu ya kutotulia hata kama angempenda mvulana wa jirani. Wenzake wa mtaa mzima walikuwa wakifungasha. Lakini tukimsimulia yeye, kiwanda tunakisahau kabisa. Tunasema aliondoka kwa sababu ya moyo.

Ripoti ile ya 2019 ina takwimu nyingine ambayo imekataa kunitoka kichwani. Miongoni mwa wanawake wanaopenda wanawake tu, maskini ni karibu 18 katika kila 100, kiasi kilekile cha wanawake wanaopenda wanaume. Ila kwa wanawake wanaopenda wanawake na wanaume pia, idadi inaruka hadi 29. Ingekuwa umaskini unaletwa na kutengwa peke yake, tungetarajia wale wa kwanza, ambao ndio huonekana zaidi, wawe na hali mbaya zaidi. Sivyo. Kwa sehemu ni umri, kwa kuwa hawa wa 29 kwa wastani ni vijana zaidi, na kijana popote ana mfuko mwepesi. Lakini umri haumalizi maelezo yote. Wengi wao wana watoto.

Huyu hayumo katika hadithi ya basi, na nadhani ndiye anayepaswa kuwa katikati yake. Ana miaka 23, ni keshia, ana mtoto, pengine aliwahi kuishi na baba wa mtoto huyo, na anayempenda sasa ni mwanamke wa zamu ya usiku. Mwambie aende San Francisco. Atahitaji kodi ya mwezi wa kwanza na amana juu yake, na atahitaji mtu wa kukaa na mtoto. Kwao, mtoto hukaa na bibi yake bure. Bibi huyohuyo ndiye hununa mezani na kumwombea kila Jumapili kwa sauti ya kusikika, lakini saa kumi na moja alfajiri mlango wake uko wazi. Ukimhimiza binti huyu akate uhusiano na familia isiyomkubali, umemhimiza pia aache kazi, kwa kuwa bila bibi hakuna zamu ya asubuhi. Ushauri wa kukimbia hutolewa na watu waliosahau kupiga hesabu hiyo, au waliokimbia wakiwa hawana mtoto mgongoni.

Tena mji mdogo haujaandikiwa kubaki Fulton milele. Vicco, kijiji cha makaa ya mawe mashariki mwa Kentucky chenye wakazi wapatao 330, kilipitisha Januari 2013 sheria ndogo ya kuzuia ubaguzi wa aina hii. Meya wake, Johnny Cummings, alikuwa msusi na shoga asiyejificha, na wajumbe walipiga kura tatu kwa moja. Kilifanya hivyo katika jimbo ambalo mpaka leo halina sheria ya namna hiyo kwa jimbo zima. Najua Vicco ni moja na akina Fulton ni wengi. Lakini Cummings angepanda basi, hata hiyo moja isingekuwepo.

Kwa hiyo mimi naegemea kwa anayebaki, bila kumlaumu anayeondoka. Kinachoniudhi ni kwamba fedha na sauti humfuata yule wa pili. Tazama sheria yenyewe. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Bostock, kwamba mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu kwa sababu anapenda jinsia yake. Wengi walishangilia. Ila sheria iliyotumika inamgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi. Mgahawa wa barabara kuu wenye wahudumu wanane haumo, saluni haimo, na Mississippi haina sheria ya jimbo ya kuziba pengo hilo. Haina hata kima chake cha chini cha mshahara. Inafuata kile cha shirikisho, dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijapanda tangu 2009. Kwa mshahara huo nauli ya basi inapatikana. Inayoshinda ni kodi ya nyumba mahali basi linaposimama.